Mzio katika Vitabu vya Ayurveda

Mzio ulipewa jina la aleji mwaka 1906, na aliyelibuni ni Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna. Kero yenyewe ilikuwa imeandikwa India zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Madhavakara, katika Madhava Nidana, kitabu chake cha kutambua maradhi, anaueleza ugonjwa wa shitapitta: ngozi inafura mabaka kana kwamba mtu ameumwa na nyigu, inawasha, inachoma, na wakati mwingine huja pamoja na homa na kutapika. Chanzo, anasema, ni upepo wa baridi uliovuruga vata na kapha, nazo zikachanganyika na pitta na kusambaa mwilini. Habari za vata, pitta na kapha, zile nguvu tatu ambazo Ayurveda, utabibu wa jadi wa India, inaamini huuendesha mwili, tunaweza kuzibishia. Upepo tusiucheke: hospitali za leo zinawajua watu wanaotokwa na mabaka kwa baridi tu.

Mjadala mtamu zaidi umo katika Charaka Samhita, kitabu kingine cha Ayurveda, pale wenye hekima wanapobishana kuhusu chakula. Bhadrakapya anadai kwamba samaki wote wanafaa kuliwa na maziwa, isipokuwa mmoja aitwaye chilichima. Atreya anakataa katakata. Maziwa ni ya baridi, samaki ni wa moto. Vikikutana vinaharibu damu na kuziba njia za mwili. Lakini maandishi hayohayo yanakiri kwamba vyakula visivyopatana huenda visimdhuru aliyevizoea, kijana, mwenye kufanya mazoezi, au ambaye tumbo lake lina nguvu ya kusaga. Hapo ndipo Ayurveda ilipoona mbali: sumu haikutafutwa ndani ya chakula peke yake, ilitafutwa pia kwa mlaji.

Kwa hiyo tiba ilianza kwa kumhoji mgonjwa anakula nini na katika majira gani, kisha kumwondolea kinachomchokoza. Baada ya hapo ndipo zilipokuja dawa za kumtapisha, za kumharisha, au mafuta ya kutia puani. Kwa mabaka, vitabu vya baadaye vinaagiza haridrakhanda: manjano yaliyopikwa kwa samli, maziwa na sukari, kisha yakatiwa tangawizi, pilipili manga, mdalasini na iliki. Mpishi wa pilau wa Mombasa angevitambua viungo vingi humo. Mwenye mzio wa maziwa, bila shaka, aikimbie.

Elimu hii haikubaki India. Mwaka 850 Ali ibn Sahl al-Tabari alimaliza Firdaws al-Hikma, kitabu cha Kiarabu chenye sehemu nzima kuhusu utabibu wa Kihindi.

Karne ya 20 iliichukua mimea ya Ayurveda hadi maabara. Kutokana na kiini cha vasaka, mti wa kikohozi na pumu, ilitengenezwa bromhexine, dawa ya kulainisha makohozi. Biashara nayo ilileta balaa lake: mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na kwa mtu ambaye koo linaziba baada ya kula karanga au kamba, hata dawa iliyo safi kati ya hizo haishiki nafasi ya sindano ya adrenalini.