Kuganza

Kuganza ni kitenzi cha Kinyarwanda chenye maana ya kushinda, kutiisha na kutawala. Anayeganza lazima awe na wa kumganza: adui vitani, mpinzani katika hoja, au nchi nzima iliyo chini ya mfalme. Kitendo kikishatimia, umbo lake huwa -ganje, na umwami aganje ni mfalme aliyetulia kitini, asiye na wa kumpinga. Jina inganji, yaani ushindi, linatokana nacho. Padri na mwanahistoria Alexis Kagame alikiita kitabu chake Inganji Karinga, kilichotoka kwa juzuu mbili, 1943 na 1947; Karinga ilikuwa ngoma ya kifalme ya Rwanda, na kushinda kwake ndiko kushinda kwa ufalme. Hadi leo wapo watoto wa kiume wanaopewa jina la Ganza.

Maana nyingine, ya kuenea, imo katika kwiganza, kitenzi hicho hicho kilichoongezwa kirejeshi -i-, mwenzake -ji- ya Kiswahili. Hapa hatafutwi aliyeshindwa. Kilichojaa kuliko vingine mahali fulani, kiwe zao shambani au ugonjwa kijijini, ndicho kinachosemwa hivyo. Mkazi wa Kigali akisema Igiswahili cyiganje huko Biryogo, mtaa wa kale wa Waislamu katika Nyamirambo, hana maana kwamba Kinyarwanda kimefukuzwa. Kiswahili kimetamalaki tu vibarazani na madukani.

Jina la kwiganza ni ubwiganze, wingi unaozidi nusu, neno la kila siku katika kura. Mfano mzuri uko Kimihurura, lilipo Bunge. Katiba ya 2003 iliwatengea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi za maamuzi, lakini uchaguzi wa 2008 uliwapa viti 45 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na bunge lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Mwaka 2013 walifika 51. Kinyarwanda husema abagore biganje.

Kutafsiri maneno hayo kuwa "wanawake wametawala" ni kosa, kwa sababu kunaingiza ushindi mahali palipo na hesabu. Tafsiri sahihi ni "wanawake ndio wengi". Kutawala kubaki kwa kuganza.