Uvimbe wa Taya la Mtoto

Sisi tunaokaa pwani ya Tanganyika, toka uwanda wa Ruzizi mpaka Uvira na Baraka, twaijua malaria kama jirani. Lakini nyuma yake hufuata ugonjwa mwingine, kansa iuayo watoto upesi. Habari yake yatufaa.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mganga mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine kama yeye huko Jinja. Akastaajabu, akapekua madaftari ya hospitali, akakuta wengi. Mwaka wa 1958 akaitangaza habari hiyo. Mwaka wa 1961, pamoja na waganga wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu maili kama 10,000 mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali, nyingine za misioni, kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Ndipo ikaonekana kwamba kansa hii hupenda nchi za joto na mvua. Milimani kwenye baridi ni adimu. Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya chembe zilizokuzwa kutoka katika uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda.

Leo twafahamu kwamba malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, na virusi hivyo hupata nafasi. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Basi anayengoja juma zima, akipaka majani au akimtafuta mchawi, ampa adui nguvu. Tena kuna neno la furaha: kansa hii husikia dawa. Miaka ile ya 1960 Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukinywea, na watoto wengine wakapona kabisa. Lakini wenye uvimbe mdogo ndio wapatao nafuu zaidi.

Nasi makatekista huitwa kumwombea mtoto mgonjwa. Tuombe, ndiyo. Lakini tukiona meno yamelegea bila sababu, shavu limevimba, jicho limetokeza au tumbo limejaa, tuwahimize wazazi waende hospitali siku ile ile. Sala haizuii safari. Mdharau mwiba, mguu huota tende.