Mtoto ni wa Nani? Maneno ya Ndoa, Talaka na Ulezi katika Historia ya Sheria za Tanzania Bara

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa masomoni katika nchi moja ya Ulaya, ndugu mmoja wa kwetu aliniletea barua aliyoandikiwa na wazee wake. Yeye na mkewe, mwenyeji wa nchi ile, walikuwa wakiachana, na barua hiyo ilitakiwa itiwe katika jalada la shauri lao. Ndani yake ilikuwamo sentensi fupi: "Mtoto ni wetu." Niliifasiri neno kwa neno, nikatumia neno la lugha ile ambalo watu wake hulitumia pia kwa nyumba, shamba na mifugo. Baadaye nilipata habari kwamba sentensi hiyo ilisomwa kuwa ushahidi wa watu wanaodai mtoto kama mali. Wazee hawakusema hivyo. Walisema kwamba mtoto yule, hata akikaa wapi, ana kwao, na kwamba wapo watu wasioweza kumkana. Kosa lilikuwa langu, nami sijalisahau.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kosa la namna hiyo si la mfasiri mmoja tu, bali limo katika historia ya sheria zetu za ndoa. Watu wa mila mbili wanapooana huleta pamoja maneno yaliyo sawa kwa sauti na mbalimbali kwa maana. Siku za furaha tofauti hiyo haionekani. Huonekana siku ya kuachana, na anayeumizwa nayo kwanza ni mtoto.

Mahari

Tuanze na neno mahari. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilifika kwetu pamoja na sheria ya Kiislamu. Katika sheria hiyo mahari ni haki ya mke mwenyewe. Aya ya nne ya Sura ya Wanawake yawaamuru waume wawape wake zao haki hiyo, wala baba hana sehemu ndani yake ila bintiye akimpa kwa ridhaa. Watu wa pwani waliutunza mpaka huo kwa maneno. Pamoja na mahari ya bibi arusi walikuwa na kilemba cha baba, na mkaja na ubeleko wa mama. Mkaja ni nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kuzaa, na ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Kila kitu kilikuwa na jina lake na mwenyewe wake.

Kiswahili kilipoenea bara, neno mahari lilichukuliwa kueleza jambo jingine, yaani ng'ombe, mbuzi, majembe au fedha ambazo ukoo wa mume huupa ukoo wa mke. Mali hiyo haimwendei bibi arusi, na katika makabila mengi yafuatayo ukoo wa baba kazi yake kubwa ni kuamua nasaba ya watoto. Wasukuma walikuwa na majina mawili ya hali mbili. Ndoa ya ng'ombe waliiita kukwa, na watoto wake walikuwa wa ukoo wa mume. Muungano usio na ng'ombe waliuita butende, na watoto wake walihesabiwa kwa jamaa za mama mpaka baba awakomboe kwa malipo. Twaona basi kwamba neno moja la Kiswahili limebeba mambo mawili. Pwani lataja haki ya mke, na bara lataja nasaba ya mtoto.

Wageni waliotutawala waliongeza maana ya tatu. Mwaka 1917, katika shauri la Amkeyo lililosikilizwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo sasa ni Kenya, Jaji Mkuu Hamilton alikataa kuuhesabu muungano wa kimila kuwa ndoa. Aliona kwamba ulikaribia zaidi ununuzi wa mke. Kwa sababu hiyo kinga ambayo sheria iliwapa wanandoa kuhusu kutoa ushahidi haikutumika, na mwanamke aliruhusiwa kumshuhudia mumewe. Hapa tena tafsiri ndiyo iliyohukumu. Mali iliyotolewa kufunga udugu wa koo mbili ilifasiriwa kuwa bei, na iliposemwa kuwa bei, mke hakuweza kuwa mke.

Koo mbili, mtoto mmoja

Ili msomaji aone jinsi tofauti hizi zinavyogongana, natoa mfano ambao si shauri la watu fulani, ila ni hesabu tu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, kama wafanyavyo Wakaguru, Wamakonde na wengine. Kwao mtoto ni wa lukolo la mama yake, na mali iliyotolewa wakati wa ndoa haimtoi humo. Tuseme Msukuma amemwoa Mluguru kwa ng'ombe. Jamaa za mume watasema mtoto ni wao kwa sababu wametoa mali. Jamaa za mke watasema ni wao kwa sababu amezaliwa na binti yao. Mtoto huyu anadaiwa na pande mbili, na kila upande una haki kamili kwa mila yake.

Sasa tugeuze. Mluguru amemwoa Msukuma, naye ametoa ng'ombe kama wakwe walivyotaka. Jamaa za mke watasema mtoto amekwenda kwa baba, kwa maana ng'ombe wamepokelewa. Jamaa za mume watasema mtoto ni wa kwao mama yake, kwa maana hakuzaliwa na binti wa lukolo lao. Kila upande wanyosha kidole upande wa pili. Mila mbili, ambazo kila moja haimwachi mtoto wake hata mmoja bila ukoo, zikikutana zaweza kumwacha mtoto bila kwao. Wala hakuna aliyetenda ubaya. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba mashauri haya yangekwisha kama watu wangeshika mila zao barabara. Katika mfano huu wote wamezishika barabara.

Amri ya 1963

Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika ilitaka kuzikusanya sheria za kimila ziwe na umoja. Kazi hiyo ilianzishwa na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekwisha kuandika juu ya sheria za Wahaya na Wasukuma. Matunda yake ni amri ya kutangaza sheria za kimila, Tangazo la Serikali namba 279 la mwaka 1963. Amri hiyo iliwahusu watu wafuatao ukoo wa baba. Ilisema kwamba ndoa yaweza kuwa halali hata ikiwa mahari hayakutolewa, na kwamba watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Aliyezaa na mwanamke nje ya ndoa aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama yake, au kwa kulipa shilingi 100.

Mwanafunzi wa lugha atatazama sana maneno "ni wa baba". Katika Kiswahili kiunganishi -a hubeba mahusiano mengi. Twasema kisu cha mpishi, mtu wa Tanga, siku ya Ijumaa, maji ya moto. Wala hatudhani kwamba Tanga inamiliki mtu, au Ijumaa inamiliki siku. Tusemapo mtoto wa Fulani twataja asili yake na mahali pake katika jamii. Lakini maneno hayo yalipoingia mahakamani yalitakiwa yajibu swali jingine kabisa, yaani mtoto wa miaka mitatu alale wapi usiku wa leo.

Wanavyuoni wa Kiislamu walikuwa wameyatenga mambo haya tangu zamani. Hadhana ni kumlea na kumtunza mtoto mdogo, na uwalii ni usimamizi wa mali yake na wa ndoa yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, mama aliyeachwa hutangulia katika hadhana mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, kadiri ya miaka saba, kisha mtoto huulizwa amtakaye. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa ya mtoto, haki hiyo humtoka. Kanuni hiyo ya mwisho ina ugumu wake kwa mama, lakini mpango wote una faida moja kubwa: waonyesha kwamba kumlea mtoto na kuwa na nasaba naye si jambo moja. Baba hapotezi nasaba kwa kuwa mtoto analelewa na mama.

Sheria ya 1971

Mwaka 1969 serikali ilitoa mapendekezo yake juu ya sheria moja ya ndoa, na Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei 1971. Sheria hii haikufuta ndoa za kidini wala za kimila, bali iliziweka zote chini ya paa moja. Kwa kawaida mtu hawezi kupeleka shauri la kuvunja ndoa mahakamani kabla ya kwenda mbele ya baraza la usuluhishi, na kuvunja ndoa kumekuwa kazi ya mahakama. Hata neno talaka likapata maana mbili. Kwa Waislamu ni tamko la mume, na kwa sheria ni amri ya mahakama. Katika ndoa ya Kiislamu, baraza likiisha kushindwa kupatanisha, tamko hilo huifanya mahakama ione kwamba ndoa imevunjika, lakini kwa sheria hii tamko peke yake halimalizi jambo.

Juu ya watoto, kifungu cha 125 kilileta badiliko kubwa. Jambo la kwanza ni maslahi ya mtoto. Chini ya hilo mahakama hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jumuiya ambayo wahusika ni watu wake. Tena hudhaniwa kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba yafaa akae na mama, ila kama itathibitishwa vinginevyo, na mahakama hukumbushwa ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitilia nguvu shabaha hiyohiyo.

Namwomba msomaji atazame neno jumuiya katika kifungu hicho. Limeandikwa katika umoja. Mwandishi wa sheria aliwaona mume na mke kama watu wa jumuiya moja. Wanasheria watajibu kwamba kwa kanuni za kufasiri sheria umoja huchukua wingi pia, na jibu hilo ni sahihi. Lakini halimsaidii hakimu aliye mbele ya Msukuma na Mluguru wetu. Wingi wampa mila mbili, haumwambii afuate ipi. Kwa maoni yangu njia iliyobaki ni ile ambayo kifungu chenyewe chaielekeza kwa mpango wa maneno yake. Mila hutajwa mwisho, na maslahi ya mtoto mwanzo. Mila zipingazanapo, zimetoa ushahidi wao, na sasa ni mtoto anayepaswa kutazamwa.

Kazi ya wenye lugha

Yafaa ikumbukwe kwamba sheria ya 1971 iliandikwa kwa Kiingereza, na mashauri mengi ya ndoa husikilizwa katika Mahakama za Mwanzo kwa Kiswahili. Kwa hiyo kwa muda mrefu hakimu amekuwa mfasiri pia. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kufasiri sheria imetufikia sisi, wala hatuwezi kuikwepa.

Nashauri tutenge maswali matatu ambayo katika mazungumzo huchanganywa. La kwanza, mtoto ni wa ukoo gani? Hili ni swali la nasaba, na wazee ndio wenye kulijua. La pili, mtoto atakaa na nani na kulelewa na nani? Hili ni la ulezi. La tatu, nani ataamua juu ya shule yake, matibabu yake na mali yake? Hili ni la usimamizi. Kila moja lapasa kupewa neno lake, nalo lishikwe hilohilo tangu mwanzo wa sheria hadi mwisho. Mzee akisema "mtoto ni wetu", karani aandike kwamba amejibu swali la kwanza, wala asimhesabu kuwa amejibu la pili.

Laiti ningalijua hivyo siku ile nilipoketi na barua ya ndugu yangu, ningaliandika kwamba wazee wanasema mtoto huyu ana jamaa, na kwamba mlango wao u wazi kwake. Hayo ndiyo waliyoyasema. Mahakama ile ingaliweza kumpa mama ulezi, kama pengine ilivyostahili, bila kudhani kwamba kwa kufanya hivyo inamwokoa mtoto na watu waliokuwa wakimpenda.