Gobori na Mtambo Wake

Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kati ya digrii 20 Kaskazini na 22 Kusini, isipokuwa kwa vibali maalumu. Bunduki za gumegume, yaani magobori, ziliruhusiwa kwa masharti.

Mtambo wa gobori ni ndugu wa bastola ya Colt ya 1873: kidole gumba huvuta nyundo, springi hukazwa, kifyatulio huiachia. Magonjwa nayo yanafanana. Springi ikilegea, jiwe la gobori hugonga bila cheche ya kutosha.

Pengo linaloshika nyundo likilika, nyundo huanguka bila kifyatulio kuguswa. Huo ndio ubovu wa kutisha zaidi, kwani aliye mbele ya mtutu hapati onyo lolote.