Mji Mkongwe wa Zanzibar: Usimame wapi, na saa ngapi, upate picha nzuri ya mapaa na minara

Mgeni akifika Forodhani hutoa simu na kupiga picha palepale aliposimama. Mara nyingi hupata bahari, kichwa cha mtu na ukuta mmoja mweupe. Mji wenyewe, yaani ule mstari wa mapaa na minara unaokatana na mbingu, haumo. Si kosa la simu. Mji Mkongwe umejengwa kwa kubanana, vichochoro vyake ni vyembamba, na ukiwa ndani yake huwezi kuuona. Ili uuone lazima utoke nje yake au upande juu.

Katika makala hii tunaeleza sehemu za kusimama, saa inayofaa kwa kila sehemu, na mambo ya kuchunga. Tunaeleza pia kwa nini picha yako inaweza kuwa na thamani kuliko unavyodhani.

Kwanza, jua unachokitafuta

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Majengo yake mengi ni ya ghorofa mbili hadi nne, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mapaa yake mengi ni ya mabati yaliyoshika kutu. Juu ya mapaa hayo huchomoza vitu vichache tu, na hivyo ndivyo vinavyoupa mji sura yake.

Upande wa Shangani kuna kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Lilijengwa katika miaka ya 1890. Mkunazini kuna kanisa kuu la Waanglikana lenye mnara mmoja, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa mahali hapo lilipofungwa. Malindi kuna msikiti wenye mnara wa umbo la koni, umbo ambalo ni nadra katika pwani yetu. Hurumzi kuna kilele cha hekalu la Wahindu.

Mbele ya bahari, kutoka kusini kwenda kaskazini, utaona Ngome Kongwe, Beit el Ajaib, Kasri ya masultani, na mbele zaidi Mizingani jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Hili ni la zahanati ya zamani, lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kukamilika mwaka 1894.

Kanuni ya jua

Ukikumbuka jambo moja tu katika makala hii, likumbuke hili: uso wa Mji Mkongwe umeelekea magharibi, kwenye bahari. Asubuhi jua huwa nyuma ya majengo, hivyo mtu aliye baharini huona umbo jeusi. Jioni jua huwa upande wa bahari na kuta zote za mbele hung'aa.

Kwa hiyo jioni upige picha ukiwa baharini au ufukweni. Asubuhi nenda upande wa nyuma, Ng'ambo. Juu ya mapaa unaweza kwenda nyakati zote mbili, lakini si saa sita mchana, kwani jua la utosini huondoa vivuli na kila kitu huonekana kimelala.

Jua la Zanzibar huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Likishazama giza huingia haraka, kama dakika 20 hivi. Hicho ndicho kipindi ambacho mbingu huwa ya buluu na taa za mji zimeshawaka. Uwe umeshafika na umeshachagua pa kusimama.

Majira nayo yana kazi yake. Katikati ya mwaka, wakati wa kusi, jua huzama likielekea kaskazini kidogo na kuupiga sawasawa uso wa Mizingani. Desemba na Januari, wakati wa kaskazi, huzama likielekea kusini, na mwanga hupita ubavuni mwa majengo na kuonyesha nakshi na nyufa zake. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua ni nyingi, lakini ikikatika hewa huwa safi na mawingu hujaza mbingu ambayo siku nyingine huwa tupu.

Baharini: mji wote kwa mara moja

Hakuna mahali pa nchi kavu panapokuonyesha uso wote wa mji, kuanzia Shangani hadi Malindi. Baharini unaonekana. Njia rahisi ni boti ya abiria kutoka Dar es Salaam. Boti ikikaribia hupita mbele ya mji kabla ya kuingia bandarini Malindi. Ukiwa unakuja Unguja, mji utakuwa mkono wako wa kulia. Ukiwa unaondoka, utakuwa wa kushoto. Ukipata boti inayofika jioni kabla ya jua kuzama, toka mapema uende sehemu ya wazi, kwani wengine watakuwa wanahangaika na mizigo.

Njia ya pili ni kukodi mashua au kwenda na jahazi la watalii wanaotazama jua likizama. Hapa kuna mchezo wa kuchekesha: abiria wote huelekeza simu zao kwenye jua. Wewe geuka nyuma. Mji uliopakwa rangi ya dhahabu uko mgongoni mwao. Mwambie nahodha mapema kwamba unataka kuona mji, ili asiende mbali mno. Mwombe asimame mkabala na Beit el Ajaib.

Wanaokwenda kisiwa cha Changuu nao hupata nafasi. Ukiwa huko mji huwa mstari mwembamba, hivyo unahitaji lenzi ya kuvuta. Kwa simu, ni bora usubiri mashua ikiwa inarudi na mji umeanza kukua.

Forodhani na Mizingani

Kwa asiyetaka kupanda chombo, anzia Mizingani, karibu na ule mti mkubwa unaoitwa Mtini, utembee kwa miguu hadi Forodhani. Ufukwe umepinda, hivyo ukitazama kwa pembeni majengo hujipanga moja nyuma ya jingine badala ya kusimama kama ukuta. Hapo ndipo picha hupata kina.

Angalia maji. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji yakijaa, ngalawa huelea karibu na ukuta na majengo huakisiwa. Yakipwa, utapata mchanga na vyombo vilivyolala ubavu. Zote ni picha, lakini ni picha mbili tofauti. Muulize mvuvi yeyote saa ya maji kujaa, atakwambia bila kutazama popote.

Jioni Forodhani hujaa vijana wanaoruka baharini na moshi wa wauza pweza na mishikaki. Moshi huo ukipigwa na taa hufunika kelele za waya na magari, na mapaa ya Ngome Kongwe hubaki juu yake.

Juu ya mapaa

Hoteli na mikahawa kadhaa ya Mji Mkongwe imefungua mapaa yake kwa wageni. Ile ya Hurumzi, katika nyumba iliyokuwa ya Tharia Topan, ni miongoni mwa zilizo juu zaidi na iko katikati ya mji. Kutoka hapo unaona minara ya dini zote tatu kwa kugeuza shingo tu. Kwa kawaida utatakiwa kuagiza chai au chakula, na jioni nafasi hujaa, hivyo ulizia mapema.

Shangani kuna baraza la Africa House, ambalo zamani lilikuwa klabu ya Waingereza. Watu wengi huelekezwa huko, na ni pazuri, lakini lijue kusudi lake: linatazama bahari. Utapata jua na majahazi, hutapata mji.

Ukiwa juu, usijaribu kuingiza kila kitu. Chagua mnara mmoja, uuweke pembeni mwa picha, na acha mabati yenye kutu yajaze sehemu ya chini. Kwa simu, gusa sehemu ya mbingu kwenye kioo ili mwanga upungue, kisha nyoosha mstari wa bahari. Bahari iliyoinama huharibu picha kuliko kitu kingine chochote.

Kutoka Ng'ambo

Upande huu husahauliwa. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na ndiyo maana hadi leo tunasema Darajani ingawa daraja halipo. Michenzani kuna majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ukiwa ghorofa za juu asubuhi, jua liko mgongoni kwako na minara ya mji iko mbele yako, na bahari ipo nyuma yake.

Lakini hayo ni makazi ya watu. Piga hodi, jitambulishe, na ukikataliwa shukuru uondoke.

Sitara na vibali

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa sitara. Nyingi zina ua ndani, na baadhi ziliunganishwa kwa wikio, kivuko cha juu kilichowawezesha wanawake kwenda nyumba ya pili bila kushuka njiani. Ukiwa juu ya paa, macho yako yanafika mahali ambapo mjenzi alikusudia yasifike. Usielekeze kamera kwenye ua, madirishani au kwenye kamba za nguo. Inua kamera. Mbingu ndiyo uliyoifuata.

Usipige picha maeneo ya jeshi, Ikulu au sehemu za ukaguzi bandarini. Droni hairushwi bila kibali, hivyo anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hujafunga safari. Adhana ya Magharibi huingia wakati uleule mwanga unapokuwa mzuri. Waachie nafasi wanaokwenda msikitini.

Kwa nini uandike tarehe

Mstari huu wa mapaa haukukaa kama ulivyo. Kabla ya mwaka 1896 mbele ya majumba ya sultani ulisimama mnara wa taa. Tarehe 27 Agosti mwaka huo manowari za Waingereza ziliyapiga mabomu majumba hayo kwa muda usiofika saa nzima. Mnara huo uliharibika ukabomolewa, na baadaye mnara wa saa ukajengwa mbele ya Beit el Ajaib, jumba ambalo Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883. Kwa zaidi ya miaka 100 mnara huo wa saa ndio ulikuwa alama ya Zanzibar.

Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, mnara ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya mbele. Watu wawili walifariki dunia.

Tunaujua mnara wa taa kwa sababu kuna watu waliopiga picha. Studio kama ya A. C. Gomes katika karne ya 19, na baadaye Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilituachia mji ambao hatukuuona. Fundi anayetaka kujua roshani ilikuwa na nguzo ngapi, au paa lilikuwa na mteremko gani, huanzia kwenye picha kama hizo.

Kwa hiyo ukishapiga, fanya mambo matatu. Andika tarehe na mahali uliposimama. Hifadhi nakala nzima, si ile iliyokatwa na kutiwa rangi kwa ajili ya mtandaoni. Na nyumbani, tafuta albamu ya wazee: picha ya harusi au ya sikukuu Forodhani huwa na mapaa nyuma ya vichwa vya watu. Waulize ilipigwa mwaka gani wangali wapo wa kukujibu, kisha uandike jibu nyuma ya picha kwa penseli.