Kutu ya Ngano na Nyanda za Hanang

Kutu ya shina ni ugonjwa wa ngano uletwao na kuvu. Mbegu zake ni vumbi jekundu lichukuliwalo na upepo, likavuka mipaka pasipo kibali cha mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kutu iliangamiza ngano ya Lord Delamere huko Njoro, Kenya. Ndipo kazi ya kutafuta mbegu zenye kuistahimili ilipoanza nchini humo.

Hanang iliingia katika habari hii baadaye. Tangu mwaka wa 1970 hivi, Serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Kanada, ilifungua karibu na Basotu mashamba saba ya ngano, kila moja lenye eka 10,000 hivi, chini ya shirika la NAFCO. Nyanda zile hazikuwa tupu. Wabarabaig walizilishia mifugo yao kwa zamu za majira, na malisho yaliyo bora waliyaita muhajega. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki katika mwaka wa 1984, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Malisho ya majani mengi yakawa shamba la mmea mmoja. Na mmea mmoja ndio karamu ya kuvu.

Kwa miaka mingi ngano nyingi za dunia zilikingwa na jeni iitwayo Sr31, iliyotoka katika nafaka ya rai. Katika mwaka wa 1998 ilionekana Uganda kutu mpya iliyoishinda jeni hiyo. Iliitwa Ug99, na kufika mwaka wa 2009 ilikuwa imethibitishwa Tanzania. Kinga ya jeni moja ni nyumba yenye kufuli moja: ufunguo ukipatikana, nyumba yote i wazi. Wala kutu haichagui kati ya shamba kubwa huko Basotu na kishamba cha mkulima wa Mbulu.

Uhandisi wa jeni wakusudia kuongeza kufuli. Katika mwaka wa 2021 wataalamu walitangaza kuwa wameingiza katika ngano jeni tano zilizoshikamana, zirithiwazo kwa pamoja. Ili kuishinda ngano hiyo, kuvu haina budi kubadilika kwa njia kadhaa pamoja. Uzalishaji wa kawaida waweza kukusanya jeni kama hizo, lakini kwa vizazi vingi vya mimea.

Tanzania ilijaribu huko Makutupora, Dodoma, tangu mwaka wa 2016, mahindi yaliyobadilishwa jeni kwa ajili ya ukame. Katika mwaka wa 2018 Serikali iliamuru majaribio yakome. Hofu ya kupoteza mamlaka juu ya mbegu si upuuzi. Wala hofu ya njaa si upuuzi.

Basotu ilipolimwa, ujuzi ulitangulia, na mwenye malisho akasikilizwa mwisho, tena mahakamani. Ikiwa ngano ya jeni tano itafika Hanang, yafaa mpango huo ugeuzwe: mkulima na mfugaji waulizwe kabla trekta halijawashwa.