Nebula ya Orioni katika anga ya Mashuuru

Nebula ya Orioni, au M42, ni wingu kubwa la gesi na vumbi ambamo nyota zingali zinazaliwa. Kwa macho matupu huonekana kama doa la ukungu miongoni mwa nyota tatu zilizo karibu na mshipi wa Orioni. A. C. Hollis, aliyeandika kuhusu Wamaasai mwaka 1905, alieleza kwamba wao huziita nyota hizo wazee, na zile tatu za mshipi wajane wanaowavizia wazee hao ili waolewe.

Wingu hilo liko umbali wa takriban miaka 1,300 ya nuru. Kitovuni mwake mna kishada cha nyota changa, na nne kati yake, ziitwazo Trapezi, ndizo zinazoangaza gesi yote. Hapo ndipo mpiga picha anapotatizika. Akiiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, mbawa hafifu za wingu hujitokeza, lakini zile nyota nne humezwa na weupe. Akifupisha muda, nyota hubaki na mbawa hupotea. Dawa ni kupiga picha nyingi, fupi na ndefu, na kuziunganisha kwa kompyuta. Henry Draper, daktari Mmarekani aliyeipiga nebula hii picha ya kwanza mnamo Septemba 30, 1880, alikuwa na bamba moja tu na dakika 51.

Mashuuru iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Januari, mnamo saa tatu na nusu usiku, nebula hupita karibu na utosi, mahali ambapo nuru yake hukatiza hewa kidogo kabisa. Wapiga picha wa Ulaya hawana bahati hiyo. Lakini ikweta nayo hudai malipo yake. Mtambo wa kuzifuata nyota sharti uelekezwe kwenye ncha ya anga, na hapa ncha ya kusini iko nyuzi 2 tu juu ya upeo wa macho, ambapo kichaka chochote huificha. Ile ya kaskazini imezama. Stendi nyingi haziinamiki kiasi hicho. Mpiga picha hulazimika kuitazama nyota moja inavyohama ndani ya darubini na kurekebisha kidogo kidogo, pengine kwa saa nzima. Asiye na mtambo, mwenye lenzi ya milimita 50, hana budi kutosheka na sekunde 10 au pungufu, kisha arudie mara mia.

Kinachobaki ni giza. Kitengela, uliopanuka kwa kasi kando ya barabara ya Namanga, una taa za kutosha kuzifuta mbawa hizo. Trapezi yaweza kupigwa picha hata kutoka paa la nyumba mjini humo. Kwa mbawa, safari ya Mashuuru haiepukiki, tena usiku usio na mwezi.